Fizi na Uvira: kugeuza kamioneti kuwa 4x4 si dawa ya barabara mbovu

Kila mwaka mvua zinapokaribia kurudi, kuanzia mwezi wa tisa, swali moja linazunguka katika magaraji ya Uvira na Baraka, jimbo la Kivu ya Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wenye kamioneti za kawaida, zile ambazo nguvu ya mashine inafika kwenye magurudumu mawili ya nyuma tu, wanauliza kama inafaa kuzigeuza kuwa 4x4, yaani magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Mafundi wengi wanajibu ndiyo, inawezekana. Baada ya jibu hilo, vyama vya wakulima, vikundi vya akina mama wanaouza ndagala na muhogo, na hata familia zilizokimbia vita na kuchanga pesa ili kupata gari moja la kazi, wanaanza kuhesabu dola.

Kwa walio wengi kati yao, jibu linalofaa ni hapana. Gari la 4x4 lina faida kubwa katika barabara za udongo, na hakuna dereva wa Fizi atakayekataa jambo hilo. Lakini 4x4 iliyotoka kiwandani na kamioneti iliyogeuzwa chini ya mwembe ni magari mawili tofauti. Pesa zinazoingia katika kazi ya kugeuza zinaweza kuleta faida kubwa zaidi zikitumiwa kwa njia nyingine, na gari likaendelea kutembea.

Swali hili halimhusu mwenye gari peke yake. Barabara ya kitaifa nambari 5, inayotoka Bukavu na kupita Uvira, inafuata ufuko wa ziwa Tanganyika kupitia Makobola, Mboko na Lusenda mpaka Baraka, kisha inapanda Fizi na kuendelea upande wa Lulimba na Kalemie. Kwenye kamioneti za njia hiyo wanapanda wagonjwa, wajawazito, wanafunzi na wafanya biashara. Zinapita pia mbegu, mafuta ya mawese, mifuko ya unga na mizigo ya familia zilizokimbia vijiji vyao. Kamioneti moja ikilala garaji miezi miwili, mgonjwa wa kijiji anarudi kubebwa kwa tipoyi, au analipa pikipiki bei ambayo familia iliyokimbia haina. Ndiyo sababu uamuzi huu unafaa kuzungumzwa mbele ya watu wote waliochanga, bila kuachwa kati ya dereva na fundi wake.

Kinachobadilishwa ndani ya gari

Watu wengi wanafikiri kwamba kugeuza gari kuwa 4x4 ni kuongeza kitu kimoja mbele. Kazi ni kubwa kuliko hivyo.

Katika kamioneti ya kawaida, nguvu inatoka kwenye mashine, inapita katika buati ya gia, inafuata kardani moja ndefu mpaka diferansieli ya nyuma, na kutoka hapo inagawanywa kwa magurudumu mawili. Magurudumu ya mbele yanageuza gari na kubeba uzito tu.

Ili magurudumu ya mbele nayo yasukume, kunahitajika buati ya pili nyuma ya ile ya gia, ile ambayo mafundi wanaita buati ya transferi. Ndiyo inayogawa nguvu mbele na nyuma, na ndiyo yenye gia nzito ya kupandia mlima. Inahitajika kardani ya pili inayokwenda mbele, diferansieli ya mbele, na vyuma viwili vinavyozungusha magurudumu huku yakiwa yanageuka kushoto na kulia. Vitovu vya magurudumu ya mbele vinabadilishwa, na mara nyingi breki na springi zake pia. Kardani ya nyuma inakatwa au inabadilishwa, kwa sababu buati ya pili imechukua nafasi yake. Mara nyingi hata sinia ya mafuta chini ya mashine inabadilishwa, kwa maana ile ya zamani inagongana na diferansieli mpya.

Toyota Hilux ni mfano mzuri, kwa sababu gari hilo linajulikana katika kila kijiji. Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968 ikiwa na magurudumu mawili ya kusukuma. Hilux ya 4x4 ilikuja mwaka 1979, zaidi ya miaka kumi baadaye. Kiwanda hakikufunga diferansieli mbele ya gari lile lile na kuliacha hivyo. Kilitengeneza 4x4 ikiwa na shasi iliyoinuliwa na sehemu za mbele za aina yake. Hata leo mtu anaweza kuona tofauti bila kufungua chochote: mara nyingi Hilux ya kawaida ya zamani ina nati tano kwenye gurudumu na imekaa chini, na ile ya 4x4 ina nati sita na imeinuka. Fundi anayeahidi kugeuza moja kuwa nyingine anaahidi kufanya kazi ya kiwanda kwa kutumia sudire na nyundo.

Hesabu ya meno

Kuna jambo moja ambalo limeharibu magari mengi na ambalo mteja haambiwi. Diferansieli ya mbele na ile ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja ya meno. Diferansieli yenye gia ya meno 41 na pinioni ya meno 10 inahitaji kardani izunguke mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Nyingine ina meno 41 kwa 9, hiyo ni zaidi ya mara 4.5. Kwa macho, kutoka nje, zinafanana kabisa.

Ikiwa ya mbele ni aina moja na ya nyuma ni nyingine, siku dereva anapofunga 4x4 magurudumu ya mbele yanataka kwenda mwendo wake na ya nyuma mwendo wake. Kwenye matope gari litateleza na huenda dereva asitambue. Kwenye udongo mgumu, buati ya transferi itapiga kelele, kardani itajipinda, na mwishowe kitu kitavunjika. Kwa kawaida kitavunjika mlimani, gari likiwa limejaa.

Kujaribu ni rahisi. Gari linainuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi imara, gurudumu moja linazuiliwa lisizunguke, kisha kardani inazungushwa kwa mkono huku mtu mwingine akihesabu. Hesabu ya mbele na ya nyuma zinapaswa kulingana. Fundi anayekataa kufanya jaribio hilo mbele ya mwenye gari hafai kupewa kazi.

Tatizo lingine ni upande wa usukani. Congo magari yanapita upande wa kulia, lakini mashariki kuna magari mengi yenye usukani upande wa kulia pia, yaliyotoka Japani na kupitia Dubai au nchi jirani. Buati ya usukani na vyuma vyake havikai mahali pamoja katika aina hizo mbili. Vipuri vya mbele vya gari moja vikifungwa kwenye lingine vinaweza kukosa nafasi, na fundi akaanza kukata shasi ili viingie. Shasi iliyokatwa na kuungwa kwa sudire vibaya haionyeshi ugonjwa wake garajini. Inauonyesha siku gari linapobeba tani moja ya mahindi na watu kumi na wawili juu yake.

Hata kazi ikifanywa vizuri

Tuseme fundi ni hodari, vipuri vinalingana na kazi imekwisha. Bado kuna gharama ambazo zitabaki na gari maisha yake yote.

Gari limeongezeka uzito, kilo mia moja na zaidi kwa mara nyingi. Kilo hizo zinatolewa katika mzigo ambao gari lingebeba. Kuna vyuma vingi zaidi vya kuzungusha, hivyo mazuti yatakwenda haraka kuliko zamani. Kuna diferansieli mbili za kutia mafuta, kardani mbili za kutia grisi, na mipira midogo ya kufunika viungo vya mbele ambayo ikipasuka inaingiza mchanga na matope. Mwenye gari aliyekuwa anapata shida kulipa vidanje mara moja sasa atalipa mara mbili.

4x4 haiongezi breki. Gia nzito inasaidia gari kushuka polepole, lakini dereva anayekimbia akiamini kwamba magurudumu manne yatamsimamisha anajidanganya. Gari lililoinuliwa pia linapinduka kwa urahisi zaidi kuliko lile lililokaa chini, hasa likiwa na watu juu ya mizigo, kama ilivyo desturi katika njia ya Fizi.

Kuna karatasi pia. Kitambulisho cha gari, ile karti roze, kinaandika aina ya gari na nambari ya shasi. Gari likiwa na sehemu za mbele za jingine, na shasi ina alama za sudire, wakala yeyote barabarani amepata sababu ya kuuliza pesa. Hizo sababu hazikosekani tayari. Uchunguzi wa shirika la IPIS la Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2017, ulihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika majimbo mawili ya Kivu. Gari lolote linalopita huko linajua uzito wa hesabu hiyo.

Na jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini: katika eneo lenye makundi ya silaha, gari la 4x4 lililoinuka linatamaniwa. Kamioneti ya chini inayokwama mlimani haimvutii mwenye bunduki kama ile inayoweza kumfikisha porini na kumrudisha. Hii haimaanishi watu waendeshe magari mabovu ili wasiibiwe. Ila chama kinachoweka akiba yake yote katika gari moja kinapaswa kuweka hatari hiyo mezani kabla ya kulipa.

Wanaounga mkono wanasema nini

Wanaotetea kazi hii hawasemi upuuzi, na hoja zao zinastahili kujibiwa.

Wanasema kwanza kwamba kununua 4x4 nyingine ni ghali, na kwamba vipuri vya gari lililogongwa vinapatikana kwa bei ndogo. Ni kweli kwamba bei ya kwanza inaonekana ndogo. Lakini mwenye gari ananunua vipuri vya gari lililokufa bila kujua kwa nini lilikufa. Buati ya transferi yenye bearing zilizochoka haionekani mpaka ifunguliwe. Na bei ambayo fundi anataja mwanzoni ni ya vipuri vikubwa tu. Boliti, sili, mafuta, mabomba ya breki, kazi ya tornero na siku ambazo gari halifanyi kazi huja baadaye, kimoja kimoja, wakati ambapo gari limekwisha kufunguliwa na haliwezi kurudi nyuma.

Wanasema pili kwamba gari la zamani linajulikana: mashine yake ni nzima, dereva analijua, na karatasi zake ni safi. Hoja hii ina nguvu. Ndiyo sababu kuna hali moja ambapo kugeuza kunaweza kukubalika. Ni pale mtu anapopata gari zima la 4x4 la aina ile ile, la miaka ile ile, lenye usukani upande ule ule, lililoharibika bodi au mashine lakini sehemu za chini ni nzima. Hapo vitu vyote vinahamishwa pamoja: buati zote mbili, kardani zote, diferansieli zote mbili, vitovu na breki. Hesabu ya meno inalingana kwa sababu vilitoka pamoja. Lakini hata hapo inafaa kuuliza swali la kinyume: kwa nini mashine nzima ya kamioneti ya kawaida isihamishwe kwenye shasi ya ile 4x4? Mara nyingi kuhamisha mashine ni kazi fupi na salama kuliko kubadilisha chini yote. Karatasi zifuate shasi, na gari litabaki 4x4 ya kiwandani.

Wanasema tatu kwamba bila 4x4 hakuna safari wakati wa mvua. Hoja hiyo inahitaji kuangalia kwa nini gari linakwama.

Kwa nini gari linakwama

Anayesimama kwenye kilima cha matope na kutazama magari yanayokwama ataona mambo manne yakirudi.

La kwanza ni mipira ya gari iliyokwisha. Mpira usio na meno ni kama kiatu kilicholika kwenye njia ya mlima. 4x4 yenye mipira minne iliyokwisha itateleza na magurudumu manne badala ya mawili. Mipira miwili mizuri ya nyuma, yenye meno marefu ya matope, inabadilisha kamioneti ya kawaida kuliko watu wanavyofikiri.

La pili ni mzigo, ama uliozidi ama uliowekwa vibaya. Kamioneti tupu inazungusha magurudumu bure kwa sababu nyuma ni nyepesi. Mifuko mitatu au minne ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma inaisaidia kukamata ardhi. Kamioneti iliyojaa kupita kiasi, mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli, inanyanyua mbele na usukani unakuwa mwepesi. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo.

La tatu ni gurudumu moja linalozunguka peke yake. Diferansieli ya kawaida inapeleka mzunguko kwa gurudumu lenye kazi nyepesi, yaani lile lililo kwenye matope, na lile lililo kwenye ardhi ngumu linasimama tu. Hata 4x4 inaweza kukwama hivyo, gurudumu moja mbele na moja nyuma yakizunguka. Kwa kamioneti nyingi ipo diferansieli ya nyuma yenye kufunga, inayolazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja. Kuipata na kuifunga ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kugeuza gari zima, na haikati shasi. Mafundi wachache wanaitaja, labda kwa sababu inalipa siku moja tu ya kazi.

La nne ni kukosa vyombo. Magari mengi yanaondoka Baraka bila jembe, bila koleo, bila mbao mbili ngumu, bila kamba ya nguvu na bila minyororo ya magurudumu. Tirfor moja, ile mashine ya mkono ya kuvutia kwa waya, ikifungwa kwenye mti inaweza kutoa gari lililolemea watu ishirini. Pampu ya mkono nayo ni muhimu: kwenye mchanga au matope mepesi, gari lisilo na mzigo mkubwa linaweza kushushwa upepo, kwa mfano kutoka kilo 2 na nusu mpaka kilo 1 na nusu, ili mpira ulale na kukamata ardhi. Dereva aende polepole, na arudishe upepo mara akifika barabara ngumu, la sivyo mpira utapasuka.

Mambo hayo yakifanywa, kamioneti ya kawaida itapita sehemu kubwa ya njia ambayo watu wanasema haipitiki bila 4x4. Haitapita yote. Kuna sehemu, kama milima ya upande wa Minembwe wakati wa mvua, ambako hata 4x4 za kiwandani zinalala. Huko kamioneti iliyogeuzwa haitafanya muujiza.

Hesabu mbele ya wanachama

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuamua, chama kinapaswa kuandika katika daftari, kwa miezi mitatu ya mvua: gari lilikwama siku gani, wapi, likiwa na mzigo gani, mipira ikiwa katika hali gani, na lilichukua saa ngapi kutoka. Kisha kiandike ni hasara gani iliyoletwa na kukwama, na ni hasara gani iliyoletwa na mambo mengine kama vizuizi, kukosa mazuti au kukosa abiria.

Huenda wanachama watakuta kwamba gari linakwama mahali pawili tu, kila mara pale pale. Hapo swali linabadilika. Badala ya kuuliza gari linahitaji nini, watauliza mahali pale pawili panahitaji nini.

Ikiwa hesabu inaonyesha kweli kwamba 4x4 inahitajika, njia iliyo wazi ni kuuza kamioneti ya kawaida ikiwa bado nzima, kuongeza pesa ambazo zingekwenda garajini, na kutafuta 4x4 iliyotumika. Kamioneti nzima inapata mnunuzi. Kamioneti iliyogeuzwa inapata mnunuzi kwa shida, kwa sababu kila fundi anayeiangalia anajua kwamba siku moja itamletea kitendawili cha vipuri. Wakati wa kununua, 4x4 ijaribiwe kwenye udongo: ifungwe, itembee mbele na nyuma, gia nzito iingizwe, usukani ugeuzwe mpaka mwisho kila upande huku gari likisogea polepole. Kelele ya tak-tak mbele wakati wa kukata kona ni alama ya viungo vilivyokufa. Isijaribiwe hivyo kwenye lami kavu, kwani 4x4 ya aina hiyo ikifungwa kwenye lami inajiumiza yenyewe.

Na barabara je?

Kuna hatari kwamba mjadala wa magari unasahaulisha mjadala wa barabara. Mwenye pesa ananunua gari kubwa, anapita, na kijiji kinabaki na mashimo yaliyochimbwa na magurudumu yake. Mwaka unaofuata anahitaji gari kubwa zaidi.

Barabara ya udongo inauawa na maji. Mfereji wa kando ukijaa udongo, maji yanapanda katikati na kukata njia. Vijana kumi wenye majembe na koleo wanaweza kufungua mifereji ya kilima kimoja katika salongo ya siku mbili. Karavati iliyoziba inaweza kuzibuliwa kabla daraja halijabebwa. Uvira inajua nguvu ya maji: usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu wengi na kubeba nyumba za maelfu.

Kizuizi cha mvua nacho kina maana yake, kikitumiwa kwa haki. Malori mazito yakisimamishwa saa chache baada ya mvua, udongo unapata kukauka na njia inapona. Kikigeuzwa kuwa mahali pa kudai pesa, kila dereva atatafuta jinsi ya kukikwepa, na barabara itakufa.

Kwa upande wa serikali, kazi ina mwenyewe. Office des Routes ndiyo yenye jukumu la barabara za kitaifa. Mfuko wa FONER, ulioanzishwa mwaka 2008, unapata pesa kwenye bei ya mafuta na kwenye péage ili barabara zitunzwe. Maana yake ni kwamba kila dereva wa Fizi anayenunua mazuti kwa njia halali amekwisha kuchangia barabara. Ana haki ya kuuliza mchango wake umefika kilomita gani. Mashirika ya kiraia ya Uvira na Fizi yanafanya vizuri kuuliza hilo, na mashirika ya kiutu yanayopita njia hiyo na magari yao makubwa yanaweza kulipa kazi ya mikono kwa wakaaji na kwa familia zilizokimbia, ili njia wanayoitumia wote ipone na familia zipate chakula.

Kabla ya kulipa fundi

Kwa chama au familia ambayo bado inataka kugeuza gari, kuna maswali matano ya kumuuliza fundi mbele ya mashahidi. Vipuri vyote vinatoka gari moja? Hesabu ya meno ya mbele na ya nyuma imejaribiwa? Usukani wa gari lililotoa vipuri uko upande gani? Shasi itakatwa mahali popote? Na ikishindikana katikati ya kazi, nani atarudisha gari lilivyokuwa, na kwa pesa za nani?

Fundi akijibu yote kwa uwazi na kukubali kuandika, chama kinaweza kufikiri tena. Akijibu kwamba wasiwe na wasiwasi, pesa zibaki kwa mweka hazina. Mvua hazijaanza. Mipira miwili ya nyuma, diferansieli yenye kufunga ikipatikana, minyororo, koleo na siku mbili za salongo kwenye kilima kinachosumbua vinaweza kuwa tayari kabla ya mwezi wa kumi, na kamioneti ikaendelea kubeba wagonjwa na muhogo wakati nyingine bado zimelala garajini zikisubiri vipuri.